Makosa ya Watafiti na Njia ya Uvumbuzi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila msimu hufika katika ofisi ya chama karatasi yenye maelekezo mapya: mbegu ya aina fulani, kiasi fulani cha mbolea, au dawa ya kunyunyizia mimea kabla maua hayajafunguka. Nyuma ya karatasi hiyo iko kazi ya watafiti, ambao huenda walitumia miaka mingi kabla neno lao halijamfikia mkulima.

Karatasi hiyo inaposomwa mkutanoni, aghalabu wanachama hugawanyika mafungu mawili. Wapo wasemao, "Wataalamu wamekwisha sema, basi yafuatwe." Wapo pia wasemao, "Wataalamu hao hao walikosea zamani, basi yaachwe." Mafungu haya yanaonekana kupingana, lakini yana jambo moja la pamoja: yote mawili yamejiepusha na taabu ya kuuliza jambo hilo lilijulikana kwa njia gani.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi utafiti unavyoweza kupotea njia, na jinsi ukweli unavyopatikana hata hivyo. Mwisho itaonyeshwa nafasi ya daftari la chama katika kazi hiyo.

KUKU WA BATAVIA

Katika mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka tume ya madaktari katika kisiwa cha Java ili kuchunguza ugonjwa wa beriberi. Ugonjwa huu ulikuwa ukiwadhoofisha miguu na moyo askari, mabaharia na wafungwa, na wengi walikufa. Siku zile elimu ya vijidudu ilikuwa imeshinda katika magonjwa mengi, na kila daktari alitazamia kuona kijidudu nyuma ya kila ugonjwa. Tume ilitafuta kijidudu, ikaamini kwamba imekiona, ikarudi nyumbani. Daktari kijana aliyeitwa Christiaan Eijkman alibaki Batavia, mji unaoitwa Jakarta siku hizi, ili aiendeleze kazi hiyo.

Eijkman aliwatia baadhi ya kuku kile kilichodhaniwa kuwa ni vijidudu vya beriberi, na wengine akawaacha bila kuwagusa ili awalinganishe. Baada ya muda kuku waliotiwa wakaanza kupepesuka na kuanguka, wakiwa na dalili zilizofanana na za beriberi. Lau angaliishia hapo, angaliandika kwamba kijidudu kimethibitishwa. Lakini na wale ambao hawakuguswa waliugua vile vile. Kisha, ghafula, ugonjwa ukatoweka kabisa, na wagonjwa wakapona.

Mtu mwingine angalikasirika na kuyatupa matokeo hayo kuwa ni jaribio lililoharibika. Eijkman aliuliza ni kitu gani kilichobadilika. Ikagunduliwa kwamba kwa miezi kadhaa mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali uliobaki katika jiko la hospitali ya kijeshi, yaani mchele mweupe uliokobolewa hadi utando wake wote ukatoka. Kisha akaja mpishi mpya, naye alikataa mchele wa jeshi kupewa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wao wa zamani usiokobolewa sana, wakapona.

Hivyo ugomvi mdogo wa jikoni ulifungua mlango ambao tume nzima haikuuona. Lakini haifai kusema kwamba uvumbuzi huo ulikuwa bahati tu. Wali ule ulikuwa ukiliwa na maelfu ya watu kila siku, na hakuna aliyeupeleleza. Bahati ilimfaa Eijkman kwa sababu alikuwa na kundi la kulinganishia, na kwa sababu tarehe za kubadilika kwa chakula zilipatikana, zikawekwa kando ya tarehe za ugonjwa.

Jambo hilo likapelekwa kwa watu. Mwenzake, Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, alikusanya habari za magereza yapatayo 100 ya Java na Madura. Palipoliwa mchele mweupe, aliugua beriberi mfungwa 1 katika kila 39. Palipoliwa mchele wenye utando wake, aliugua mfungwa 1 tu katika zaidi ya 10,000. Itazamwe vizuri kwamba habari hizi zilitoka katika kumbukumbu za magereza, zilizoandikwa na makarani ambao hawakujua kwamba daftari zao zingewafaa wagonjwa wa dunia nzima.

Hata baada ya hapo Eijkman mwenyewe alikosea. Alidhani kwamba mchele mweupe una sumu, na kwamba utando una dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Aliyerekebisha kosa hilo ni Gerrit Grijns, aliyeendeleza kazi baada yake, na ambaye katika mwaka 1901 alieleza kwamba hapakuwa na sumu yoyote. Kilichokosekana ni kitu ambacho mwili unakihitaji, nacho kimo katika utando. Mwaka 1926 kitu hicho kilipatikana kikiwa safi, na leo kinaitwa vitamini B1. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Grijns hakuwamo. Hata tuzo za dunia hazigawi haki kwa mizani iliyo sawa.

TIBA SAHIHI, MAELEZO YASIYO SAHIHI

Kabla ya hayo, huko Japani, daktari wa jeshi la majini aliyeitwa Takaki Kanehiro alikuwa ameona kwamba mabaharia walioshiba wali mtupu ndio waliougua zaidi. Katika safari ya meli moja, iliyomalizika mwaka 1883, watu 169 kati ya 376 waliugua, na 25 wakafa. Mwaka uliofuata aliomba meli nyingine ipite njia ile ile, lakini mabaharia wapewe nyama, maziwa na mikate pamoja na wali. Meli ilirudi bila kifo hata kimoja cha beriberi.

Takaki alidhani kwamba sababu ni upungufu wa protini. Hakuwa sahihi, lakini chakula chake kiliponya, na jeshi la majini likakifuata. Wakuu wa madaktari wa jeshi la nchi kavu walimkataa. Walikuwa wasomi zaidi kwa vitabu, nao walisema kwamba maelezo yake hayana msingi, na kwamba beriberi ni ugonjwa wa vijidudu. Katika vita vya Japani na Urusi, miaka 1904 na 1905, zaidi ya askari 200,000 wa Japani waliugua beriberi, na wapatao 27,000 wakafa.

Fundisho hapa ni zito. Mtu anaweza kutoa maelezo yasiyo sahihi na huku ameona jambo la kweli. Anayekataa kulitazama jambo kwa sababu maelezo yake ni dhaifu huweza kuwaua watu huku akijiona ndiye mwenye elimu.

KARANGA ZA KONGWA

Wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea hawana haja ya kupelekwa Java ili waone mfano wa kosa. Baada ya vita vikuu vya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Katika mwaka 1946 ilitumwa Afrika Mashariki na ya Kati tume ndogo ya wataalamu, ambayo kwa muda wa wiki zipatazo tisa ilitazama ardhi, sehemu kubwa kwa ndege, na kuleta mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Katika mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000.

Mpango huo haukutanguliwa na shamba dogo la majaribio. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno. Watu wa Ugogo walijua kwa vizazi vingi kwamba mvua ya huko haitegemeki, na ndiyo maana walipanda uwele na mtama na kuithamini mifugo. Maarifa hayo hayakupewa uzito. Matingatinga yalikwama katika mizizi ya mibuyu na vichaka. Udongo wa mfinyanzi ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, na karanga, ambazo hukomaa chini ya ardhi, hazikung'oleka. Mwisho wa mwaka 1947 zilizopandwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya ekari zilizotakiwa. Mapema mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya paundi milioni 36.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walijua kilimo. Kosa lao ni kuruka hatua: walitoka kwenye makadirio wakaingia kwenye mamilioni ya ekari bila kupita kwenye ekari 10. Tena, pesa zilipokwisha kumwagika, kila aliyeona kasoro alikuwa na sababu ya kunyamaza.

HESABU ZA KUMPENDEZA MKUBWA

Kosa la namna nyingine, ambalo makatibu hasa wanapaswa kulijua, lilitokea Urusi ya Kisovieti. Trofim Lysenko alitangaza katika miaka ya 1930 kwamba mbegu za ngano zikiloweshwa na kuwekwa penye baridi kabla ya kupandwa zitaongeza mavuno sana. Hakulinganisha vipande vya shamba kwa utaratibu ulio makini. Alipeleka hojaji kwa mashamba ya ushirika, na viongozi wa mashamba hayo walizijaza.

Kiongozi wa shamba aliyeandika kwamba mavuno hayakuongezeka alijihatarisha. Basi waliandika kwamba yameongezeka. Majibu yalikusanywa yakawa takwimu, na takwimu zikawa ushahidi wa Lysenko mbele ya wakubwa wa nchi. Wanasayansi waliompinga walifukuzwa au kufungwa. Nikolai Vavilov, aliyekuwa amekusanya mbegu za mazao kutoka pembe nyingi za dunia, alikamatwa mwaka 1940 na akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya urithi wa viumbe ilipigwa marufuku nchini humo, na uwezo wa Lysenko haukuvunjika hadi katikati ya miaka ya 1960.

Uongo huo haukuanzia katika maabara. Sehemu yake kubwa iliandikwa kwa kalamu za makarani na mameneja wa mashamba, watu wa kawaida waliotaka kulala salama. Kila mmoja alidhani kwamba tarakimu yake moja ni ndogo mno kuleta madhara.

SWALI LA MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji ya kugandishia. Kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyatia yake yangali moto. Baadaye aliona kwamba yake yamekwisha ganda, na ya mwenzake aliyeyapoza kwanza bado. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, na kila alipokosea darasani, kosa hilo likaitwa la Mpemba.

Ndipo alipokuja shuleni hapo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba aliuliza swali lile lile mbele ya wenzake, nao wakaona haya kwa niaba yake. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sawa. Katika kauli hiyo moja umo ugonjwa mzima wa utafiti: jibu lilikwisha amuliwa kabla maji hayajapimwa.

Mpemba na Osborne walichapisha habari zao mwaka 1969, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote. Ni haki pia kusema kwamba ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba hata mahali pa kuweka kipimajoto katika maji huweza kubadili jibu. Wengine wanaendelea kuutetea. Heshima ya Mpemba haipungui kwa ubishi huo. Aliona, akauliza, na hakukubali kunyamazishwa bila jambo lenyewe kupimwa.

MIHOGO YA AMANI

Mfano wa mwisho ni wa subira. Ugonjwa wa mihogo unaokunjakunja majani na kuyatia mabaka, uitwao batobato, ulielezwa katika maandishi mwaka 1894 huko Usambara. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kutafuta mihogo inayostahimili. Walijaribu aina nyingi za mihogo na hawakupata kinga ya kutosha. Wakaugeukia mti wa mpira ulio ndugu wa muhogo, wakauchanganya na muhogo, kisha wakaurudisha uzao wake kwa muhogo mara kadhaa ili upate mizizi ya kufaa kuliwa.

Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo 20, na mwaka 1957 ikasimamishwa. Ingeweza kuhesabiwa kuwa ni pesa zilizopotea. Lakini baadhi ya mbegu zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na kumbukumbu zake zikahifadhiwa. Watafiti wa Ibadan walipoanza upya katika miaka ya 1970, walitumia mmea uliotokana na mbegu hizo za Amani. Kutokana na uzao wake zilipatikana aina zilizosaidia nchi nyingi, na Uganda mojawapo, pale batobato kali ilipoangamiza mihogo katika miaka ya 1990. Lau kibandiko cha mfuko wa mbegu kingalipotea, kazi ya miaka 20 ingalipotea nacho.

WAJIBU WA CHAMA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Chama kinachokubali kujaribu mbegu au mbolea mpya katika mashamba ya wanachama kinaingia katika kazi ya utafiti, kitake kisitake. Kwa hiyo hapana budi mambo yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, pawepo kipande cha kulinganishia. Mbegu ya zamani ipandwe kando ya mpya, katika udongo ule ule, siku ile ile, na ipaliliwe sawa. Anayeipa mbegu mpya bonde lenye rutuba na ya zamani kilima cha mawe hajajaribu kitu.

Pili, mavuno yapimwe kwa mizani iliyokaguliwa. Makadirio ya magunia kwa macho yasiandikwe kana kwamba ni kipimo. Lililokadiriwa liandikwe kwamba limekadiriwa.

Tatu, yaandikwe siku yanapotokea. Tarehe ya kupanda, siku za mvua, siku ng'ombe walipoingia shambani, na siku mbolea ilipochelewa, yote yana faida. Ilionekana Batavia jinsi tarehe ya kubadilika kwa mpishi ilivyofunua siri.

Nne, hasara iandikwe kwa wino ule ule unaoandika faida. Katibu asiifiche sehemu iliyokufa ili taarifa ipendeze, wala kamati isimlaumu aliyeileta habari mbaya iliyo ya kweli. Mahali ambapo habari mbaya huadhibiwa, habari njema hazina thamani.

Tano, jaribio lirudiwe msimu mwingine na shamba jingine, na hesabu ihakikiwe na mtu asiye na maslahi katika jibu. Hii ni kanuni ile ile ya ukaguzi wa fedha. Mkaguzi haji kwa sababu katibu ni mwizi, bali kwa sababu hata macho ya mtu mwaminifu hupenda kuona anachokitamani.

Sita, anayeuliza mkutanoni asichekwe. Kuuliza si ujinga.

Linabaki jambo moja ambalo taarifa za majaribio hulisahau. Kipande cha majaribio si karatasi. Ni chakula na ada ya shule ya mtu. Mtafiti akikosea, huandika taarifa na kuanza tena. Mwanachama akikosea kwa kufuata shauri lake, nyumba yake hulala njaa. Kwa hiyo, kabla ya msimu kuanza, mkutano mkuu uamue kwa kura ni nani anayejitolea, kipande kiwe na ukubwa gani, na hasara ikitokea itabebwa na nani: mwanachama, chama, Chama Kikuu, au wenye mbegu. Mapatano hayo yaandikwe katika kitabu cha mihutasari na kutiwa sahihi. Chama kisichopata jibu la swali hilo kina haki ya kukataa jaribio, na kukataa huko si kupinga maendeleo.

Ndugu wanachama, utafiti haukosi kukosea, kwa kuwa unafanywa na watu. Unachoweza ni kujirekebisha, nao hujirekebisha pale tu ambapo habari za kweli zinaufikia. Nyingi za habari hizo hutoka shambani, kupitia ofisi ya chama, kwa mkono wa katibu. Msimu wa kupanda ukikaribia, kila chama kifungue daftari la majaribio lenye kurasa zilizotiwa nambari, na ukurasa wake wa kwanza uwe wa kipande cha kulinganishia.